Utumbo wa Mtoto na Akili Yake: Hotuba kwa Wakunga na Wahudumu wa Afya ya Jamii, Tanga

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi mama zangu, dada zangu, kaka zangu.

Nimealikwa kuzungumzia afya ya akili, na iliposomwa kazi yangu niliona nyuso za baadhi yenu: mtu wa lishe ya watoto anatafuta nini kwenye mada hii? Kwetu afya ya akili ina majengo yake. Kuna Mirembe kule Dodoma, kuna wodi kwenye hospitali kubwa, kuna mtaalamu mmoja anayesubiriwa na foleni ndefu. Ninyi mna mizani, kadi ya kliniki, chanjo na matone ya vitamini A. Huku bajeti moja, kule bajeti nyingine, na ripoti hazikutani. Mimi nimekuja kusema kwamba mkunga anayemweka mtoto kifuani pa mama ndani ya saa ya kwanza anafanya kazi ya afya ya akili. Mhudumu anayemshawishi mzazi asimpe mtoto antibiotiki kwa sababu ya mafua, naye vilevile. Na njia mojawapo inayopitiwa na kazi hiyo ni utumbo wa mtoto pamoja na vijidudu vinavyoishi humo.

Sisemi haya kuwapamba. Kuna yaliyothibitishwa kwa watoto, kuna yaliyothibitishwa kwa panya tu, na kuna yanayouzwa madukani bila kuthibitishwa popote. Kwenye simu zetu mambo haya matatu yamechanganywa vibaya sana, na anayelipia mchanganyiko huo ni mama anayelea.

Tuanze na mnachokijua kwa mikono yenu. Mtoto akiwa tumboni, kwa kadiri tafiti nyingi zinavyoonesha, utumbo wake hauna vijidudu vya kuhesabika. Anapopita njia ya uzazi, anapolazwa kwenye ngozi ya mama, anaponyonya kwa mara ya kwanza, ndipo bakteria wanapoingia, na baada ya siku chache utumbo umejaa. Madaktari wameliangalia jambo hili muda mrefu. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich, akiwa Munich, alieleza bakteria aliyemkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Leo tunamwita E. koli. Zaidi ya miaka kumi baadaye Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliona kwenye kinyesi cha watoto wanaonyonya bakteria wengine, wenye umbo la herufi Y. Hao ndio bifidobakteria. Kwa karibu miaka 100 baada ya hapo, vijidudu hivi vilihesabiwa kuwa habari ya kuhara na kutohara tu.

Kuna jambo moja kwenye maziwa ya mama ambalo kila nikilisoma linanishangaza. Ukiacha maji, kitu kinachoongoza kwa wingi kwenye maziwa hayo ni sukari ya laktosi, kisha mafuta. Cha tatu ni kundi la sukari tata, za aina zaidi ya 100, ambazo mtoto hana uwezo wa kuzimeng'enya. Fikirini. Mama amechoka, pengine hajala vizuri, na mwili wake unatumia nguvu kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukitumia! Chakula hicho kinashuka kama kilivyo hadi utumbo mpana, na huko wanaokila ni bifidobakteria, hasa aina inayoitwa infantis. Kwa maneno mengine, mama ananyonyesha mtoto na bakteria wake kwa pamoja. Na aina hii ya infantis, ambayo kwa watoto wengi wa nchi za viwanda imekuwa adimu, utafiti uliotoka mwaka 2022 uliikuta kwa wingi kwa watoto wachanga wa Wahadzabe, hapahapa nchini kwetu, kando ya Ziwa Eyasi. Hatujaipoteza. Wenzetu sasa wanaikuza maabara na kuiuza kwenye vichupa.

Sasa hayo yanahusianaje na ubongo?

Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walitumia panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja mwilini. Waliwabana wasiweze kujigeuza, kisha wakapima homoni za msongo katika damu. Homoni zilipanda kupita zile za panya wa kawaida waliobanwa vilevile. Watafiti walipowapa panya wale bakteria infantis peke yake, mwili ukatulia kama wa wenzao. Walipowapa vijidudu mchanganyiko kutoka kwenye kinyesi cha panya wa kawaida, walipata nafuu kiasi, lakini kwa waliopewa wakiwa wachanga tu. Waliopewa wakiwa wameshakua hawakubadilika. Hapo ndipo wanasayansi wengi waliposhtuka: ubongo ulikuwa na kipindi chake cha kujifunza jinsi ya kuubeba msongo, na bakteria walikuwa na sehemu katika somo hilo.

Miaka ya baadaye ilileta matokeo mengine, na si yote yalikwenda upande mmoja. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliona kwamba panya wasio na vijidudu walikuwa na woga mdogo kuliko kawaida, wakitembea sana na kwenda mahali pa wazi ambapo panya mwenye akili zake hakai. Usidhani hiyo ni heri; panya asiyeogopa mahali pa wazi huliwa. Mwaka 2013 kundi la John Cryan na Ted Dinan huko Cork, Ayalandi, lilionesha kwamba panya dume wasio na vijidudu wana serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, nyingi kupita kiasi kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na kwamba kuwapa vijidudu baada ya kuachishwa ziwa hakukurekebisha hali hiyo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikiulizwa ni utafiti gani mmoja ninaoufikiria zaidi, nitataja wa Freiburg, Ujerumani, wa mwaka 2015. Ndani ya ubongo kuna seli za kinga ambazo kazi yake haiishii kupigana na maradhi. Mtoto huzaliwa akiwa na miunganiko ya neva mingi kuliko atakayoihitaji, na seli hizi hupita zikikata isiyotumika ili inayotumika ipate nguvu, kama mkulima wa Muheza anavyoupogoa mchungwa ili matawi yanayozaa yapate mwanga. Kwa panya wasio na vijidudu, seli hizi zilikuwepo, tena nyingi, lakini hazikukomaa. Umbo lake lilikuwa na kasoro, na maradhi yalipoingia zilizubaa. Watafiti walipowawekea panya hao asidi fupi za mafuta katika maji ya kunywa, seli zikaanza kukomaa. Na asidi hizo kwa kawaida hutoka wapi? Hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapokula nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi tumeshindwa kuzimeng'enya.

Kwa hiyo mawasiliano yapo, tena yana njia zaidi ya moja. Kuna njia ya damu, inayobeba asidi hizo na kemikali nyinginezo. Kuna njia ya kinga ya mwili. Na kuna neva ndefu ya vagasi, inayotoka shina la ubongo hadi tumboni. Nyuzi zake nyingi zinapeleka habari juu, kutoka tumboni kwenda kichwani. Mwaka 2011 watu wa Cork na wenzao wa Kanada waliwapa panya bakteria wa aina moja ya laktobasili, woga ukapungua. Walipoikata neva ya vagasi, athari ile ikatoweka yote.

Hapa niwatahadharishe. Mtaambiwa, na pengine mmeshaambiwa, kwamba asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kwa hiyo nunua kopo hili uondokane na sonona. Nusu ya kwanza ya sentensi ni kweli. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Inafanya kazi zake hukohuko tumboni. Na ile laktobasili iliyowatuliza panya wa Cork, ilipojaribiwa na watu haohao kwa wanaume wenye afya, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, haikuwatuliza kuliko kidonge kisicho na dawa. Nawaheshimu watafiti wale kwa kulichapisha. Wauzaji wa makopo hawaitaji sehemu hiyo.

Vivyo hivyo kuhusu usonji. Wazazi wengi wenye watoto wenye usonji wameniuliza juu ya bakteria, maana wamesoma kwamba kinyesi cha watoto hawa kina bakteria tofauti. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Australia wa watoto 247, na ulionesha kwamba tofauti hizo zinaelezeka zaidi na ulaji. Mtoto mwenye usonji mara nyingi huchagua sana chakula, anakula aina chache, na bakteria wake wanakuwa wa aina chache. Yaani chanzo na matokeo vilikuwa vimegeuzwa. Mzazi asitumie akiba yake kununulia usonji dawa ya tumbo.

Kwa watoto wa kibinadamu, basi, tuna nini? Tuna dalili, nazo si haba. Ubongo wa mtoto wa miaka miwili umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mwaka 2012 timu ya Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis ilichapisha vipimo vya watu 531 kutoka Malawi, Marekani na vijiji vya Amazonas huko Venezuela. Kote, pamoja na tofauti zote za maisha, bakteria wa mtoto walikaribia kufanana na wa mtu mzima alipofika miaka mitatu hivi. Ujenzi wa ubongo na ujenzi wa jamii ya bakteria unakwenda kwa wakati mmoja. Huko North Carolina, katika utafiti wa watoto 89 uliotoka mwaka 2018, bakteria waliokutwa kwa mtoto wa mwaka mmoja viliendana na alama zake za ufahamu alipofika miaka miwili. Cha ajabu, waliokuwa na bakteria wa aina nyingi mno mapema ndio waliopata alama za chini. Mtoto anayenyonya ana aina chache zinazomfaa; wingi wa aina huja baadaye pamoja na chakula cha familia. Anayemhimiza mama aongeze vyakula mapema ili bakteria wawe wengi amekosea mwaka.

Kutoka Malawi ilitoka habari nyingine inayotuhusu sisi ambao, kwa takwimu za kitaifa za mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Watafiti wa timu ileile ya Gordon walifuatilia jozi 317 za mapacha wa Malawi katika miaka yao mitatu ya kwanza. Kuna jozi ambazo pacha mmoja alipata unyafuzi na mwenzake akabaki mzima, nyumba moja, chungu kimoja. Walipohamisha bakteria wa pacha mgonjwa kwa panya na kuwalisha panya hao chakula cha Kimalawi, panya walikonda vibaya. Waliopewa bakteria wa pacha mzima walistahimili. Hivyo chakula ni lazima, ila peke yake hakitoshi. Inategemea pia nani anakipokea kule chini.

Timu hiyo ikaungana na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kuhara cha Dhaka, Bangladeshi, wakatengeneza chakula cha kuwalisha watoto na bakteria wao wa umri ule: unga wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Vyote mnavipata sokoni Mgandini. Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya watoto wa miezi 12 hadi 18 kutoka Mirpur, mtaa wa watu maskini, wenye utapiamlo wa wastani. Chakula kile kilikuwa na kalori chache kuliko chakula-dawa cha kawaida, lakini watoto walipata uzito haraka zaidi, na katika damu yao zikapanda protini zinazohusiana na ukuaji wa mifupa na wa mfumo wa neva. Nasema protini zilipanda. Sisemi watoto walipata akili zaidi. Hilo halikuwa limepimwa pale. Hata hivyo huu ndio mstari wa kazi ninaouamini, kwa sababu unaanzia kwa mtoto mwenye njaa na unarudi kwake.

Sasa naomba tukae kwenye jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii kuliko watu wengine wote: madini ya chuma.

Ubongo unaokua unakitaka chuma. Bila chuma, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva haujengeki vizuri, na utengenezaji wa dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ya ubongo, unavurugika. Mtoto mwenye upungufu wa chuma mnamjua: amepooza, hachezi, hamtafuti mama kwa macho. Ng'ambo ya bahari yetu, Pemba, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Watoto wadogo walipewa chuma kila siku kwa mwaka mzima, na lugha yao ilikua vizuri kuliko ya wenzao. Waliokuwa na damu kidogo sana waliendelea pia katika kutambaa, kusimama na kutembea. Hii si panya. Hawa ni watoto wa Kipemba, wanaozungumza lugha yetu.

Basi tuwape wote? Walijaribu, Pemba hiyohiyo, kwa maelfu ya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Agosti 2003 ikabidi sehemu ya chuma na foliki asidi isimamishwe. Waliokuwa wakipewa walikuwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Malaria wakati ule ilikuwa kali mno kisiwani, na ndiyo iliyotajwa zaidi. Lakini ndani ya kazi hiyohiyo, katika kundi lililopimwa damu, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika na kupata matatizo machache. Dawa ileile, kisiwa kilekile. Kilichotofautiana ni mtoto.

Vukeni Horohoro muingie Lunga Lunga, mwendelee mbele kidogo hadi Msambweni, kaunti ya Kwale. Hapo watafiti wa Zurich pamoja na wenzao wa Kenya walichukua watoto wa miezi sita wanaokula uji wa mahindi, wakawachanganyia virutubishi vya unga kwa miezi minne, wengine vyenye chuma, wengine visivyo na chuma. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kwa waliopata chuma, E. koli na ndugu zake wanaoleta maradhi waliongezeka, bifidobakteria walipungua uwiano wao, na utumbo ukaonesha dalili za uvimbe. Sababu ni rahisi kuielewa. Chuma unachokiweka kwenye uji hufyonzwa sehemu ndogo tu. Kilichobaki kinashuka utumbo mpana, na bakteria wa maradhi wanakitafuta chuma kwa udi na uvumba. Sasa tazameni tulipo: tunampa mtoto chuma kwa ajili ya ubongo wake, na palepale tunaweza kuwa tunawasha moto katika utumbo unaoulea ubongo huohuo.

Maziwa ya mama yalishalitatua tatizo hili. Yana chuma kidogo sana, lakini mtoto anakifyonza vizuri, na yana laktoferini, protini inayokishika chuma ili bakteria wabaya wasikipate. Watafiti walewale walijaribu kuiga sehemu ya ufundi huo. Mwaka 2017 walichapisha majaribio mengine ya pwani ya kusini ya Kenya: chuma kidogo, miligramu 5, kikaongozana na gramu 7.5 za sukari tata inayofanana kwa kiasi na zile za maziwa ya mama. Madhara mengi kwa bakteria yakazuilika. Na katika jaribio la kupima ufyonzaji, chuma chenyewe kilifyonzwa zaidi. Nawaambia kweli, sijui watu wangapi huko duniani wanajua kwamba swali hili kubwa la utumbo na ubongo lilichimbuliwa kwa uji wa watoto wa Kidigo.

Kwa hiyo simwambii mtu aache kutoa chuma. Mtoto mwenye upungufu wa damu atibiwe. Ninachoomba ni kwamba chuma kisitolewe kama peremende. Mtoto alale kwenye chandarua, mwenye homa apimwe malaria kwanza, mtoto aendelee kunyonya wakati anapewa virutubishi, na maji ya uji yachemke.

Na wakunga, kuna chuma ambacho hakipiti tumboni kabisa. Kiko kwenye kondo la nyuma. Mkingoja kubana kitovu, dakika moja hadi tatu kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, damu ile inaingia kwa mtoto na chuma chake kinamfaa kwa miezi. Uswidi walifanya utafiti wa watoto waliozaliwa kwa wakati wao: wengine kitovu kilibanwa ndani ya sekunde 10, wengine baada ya dakika tatu au zaidi. Walipopimwa wakiwa na miaka minne, matokeo yakatoka mwaka 2015, waliongojewa walikuwa bora kidogo katika kazi za vidole na katika kuhusiana na watu, hasa wavulana. Haigharimu hata shilingi. Inachotaka ni subira katika chumba ambacho, najua, kuna mama wengine watatu wanaita.

Kuhusu antibiotiki sitasema mengi, maana mnazijua. Utafiti wa nchi nane, Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi zikiwemo, ulikadiria kwamba mtoto huandikiwa antibiotiki wastani wa mara 25 kabla ya kutimiza miaka mitano. Mara 25! Nimonia ni nimonia, sumu ya damu kwa mtoto mchanga ni dharura, na hapo mtu asichelewe kwa kuwahurumia bakteria. Lakini mafua, kikohozi cha kawaida, na kuhara kwa maji kunakotaka ORS (maji ya chumvi na sukari) na zinki, vyote hupewa chupa ya antibiotiki nyekundu kutoka duka la dawa. Kila chupa inafyeka pia wale ambao mama amewalisha kwa maziwa yake.

Upasuaji. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anasoma kwamba mtoto wake amekosa bakteria wa njia ya uzazi, na anaanza kujilaumu. Ni kweli kwamba wiki za mwanzo bakteria ni tofauti. Utafiti wa Uingereza wa watoto 596 uliotoka 2019 ulionesha wengi wa waliozaliwa kwa upasuaji wamekosa kundi la bakteroidi na wamebeba bakteria wa hospitali. Tofauti hizo hupungua mtoto anavyokua. Na Uswidi, walipochunguza rekodi za watoto zaidi ya milioni 2 na kuwalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja wa upasuaji na mwingine wa kawaida, uhusiano wa upasuaji na usonji ukatoweka. Mwambieni mama huyo anyonyeshe. Wala asimpake mtoto majimaji ya uke kwa mafundisho ya mtandaoni; anaweza kumwambukiza maradhi.

Kuna jambo moja ambalo hatulipi uzito wake, nalo ni hali ya mama mwenyewe. Mwaka 1999 Michael Bailey na Christopher Coe wa Wisconsin waliwatenganisha watoto wa nyani na mama zao, na ndani ya siku chache laktobasili wao wakapungua, kisha wakarudi baada ya wiki hivi. Hawakulishwa sumu, wala hawakupewa dawa; huzuni ilitosha. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua, anayepigwa nyumbani, anayelala njaa, huyo ndiye mazingira ya utumbo wa mtoto na ya ubongo wake kwa pamoja. Kwenye kadi ya kliniki tunaandika uzito wa mtoto. Ningetamani paandikwe pia kwamba mama ameulizwa, "Unalala? Una mtu wa kukusaidia?", na ameshajibu.

Basi, maswali.

*Mkunga mmoja aliuliza kuhusu dawa ya mchango inayotolewa na bibi kwa watoto wa wiki mbili, tatu.*

Asante dada. Bibi usimpige vita, kwa sababu siku utakaporudi kwenye nyumba ile mlango utakuwa umefungwa. Bibi anaona mtoto analia jioni, anajikunja, anatafuta msaada. Mweleze kwamba kulia kwa wiki za mwanzo huongezeka hadi karibu wiki ya sita kisha kunapungua, hata asipopewa kitu. Mpe kazi nyingine: ambebe mtoto kifuani, amcheulishe, ampumzishe mama alale. Dawa yoyote ya maji, hata ya mitishamba, inaingiza maji ambayo hatujui yamechotwa wapi katika utumbo ambao bado haujakomaa.

*Mhudumu wa jamii aliuliza kama tuwashauri wazazi wanunue probiotiki, yaani bakteria wanaouzwa kwenye makopo.*

Kwa mtoto mzima anayenyonya, hapana. Ufini walifuatilia watoto 75 kwa miaka 13. Waliopewa laktobasili utotoni hakuna aliyegundulika na shida ya umakini wala usonji wa aina nyepesi, na kati ya 35 ambao hawakupewa walikuwa sita. Inavutia, lakini watoto 75 ni wachache mno kujenga ushauri wa taifa. Kazi kubwa zaidi ni ya vijijini Odisha, India, mwaka 2017, watoto wachanga 4,556: bakteria pamoja na sukari yake vilipunguza sumu ya damu na vifo kwa asilimia 40. Hapo ndipo ningependa fedha za utafiti ziende kwetu, maana mtoto aliyeponea sumu ya damu mara nyingi ubongo wake umeguswa. Lakini ile ilikuwa aina maalumu, iliyopimwa, kwa watoto maalumu. Kopo la duka si hiyo.

*Wa mwisho alikuwa muuguzi wa kliniki ya akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI: je, kwao nao ni maziwa ya mama tu?*

Ndiyo, na kwao zaidi. Tangu mwaka 1999 Anna Coutsoudis na wenzake wa Durban walionesha kwamba watoto walionyonya tu, bila maji wala uji, waliambukizwa wachache kuliko waliochanganyiwa. Na maelezo yanayotolewa ni kwamba vyakula na maji ya mapema vinaudhuru ukuta wa utumbo. Ni utumbo uleule tuliouzungumza asubuhi hii yote. Leo kuna ARV, na mama anayezitumia sawasawa ananyonyesha maziwa tu kwa miezi sita, kisha anaendelea pamoja na chakula hadi mwaka na zaidi. Akija akakwambia mkwe amempa mtoto maji, usimwachishe kunyonyesha kwa hofu. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo waziwazi. Muulize kwanza kama dawa zake za mwezi huu amezichukua, na kama hajazichukua, nenda naye dirishani mkachukue.